Jibu: Kuunganisha mfumo wa wanajeshi na wa bohari

Mkuu, umeuliza kama dawa ya taarifa za askari kupishana ni kuunganisha mfumo wa kompyuta wa utumishi jeshini na wa bohari (ghala la vifaa) uwe mmoja. Kwangu hapana. Marekani walitaka utumishi na mishahara ya majeshi yote iwe kwenye mfumo mmoja, DIMHRS, wakaufuta 2010. ECSS, wa vifaa vya Jeshi la Anga, ukafutwa 2012 ukiwa umekula takriban dola bilioni 1, fedha za umma hizo!

Tatizo ni taarifa moja kuwa na wenyewe wawili. Cheo na kikosi viandikwe na utumishi tu. Bohari ivisome tu kwa namba ya jeshi ya askari, yenyewe itunze saizi ya buti na silaha aliyokabidhiwa. Hata maghala ya Kurasini, Dar es Salaam, yanateseka hivyo: dereva kahamishwa, kwenye orodha ya getini bado yuko kitengo cha zamani. Kubalianeni kwanza nani anamiliki kipi, zabuni baadaye.