Ushuru wa korosho anaulipa nani?

SWALI: Shikamoo mama. Nimerithi mikorosho mikongwe hapa Tandahimba. Mnadani tuliambiwa ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje ni wa mnunuzi, sisi hautugusi. Baba mdogo anabisha, anasema tunaulipa sisi. Nani mkweli? Nataka kujua kabla sijapanda miche mipya.
Mkulima kijana, Tandahimba

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilishika vitabu vya chama cha msingi cha ushirika huko Newala hadi nikastaafu, na katika hili niko upande wa baba yako mdogo.

Ushuru huo umewekwa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachotozwa. Anayezipeleka fedha serikalini ni mnunuzi, kweli. Lakini yeye huanzia bei atakayouzia India au Vietnam, akatoa ushuru, usafiri, ghala na faida yake. Kinachobaki ndicho anachokiandika kwenye zabuni. Tuseme bandarini kilo ni shilingi 4,000. Shilingi 600 zimeshaondoka kabla jina la chama chenu halijasomwa. Wanunuzi wakigombania mzigo, humeza sehemu yake. Wakiwa wachache, unaubeba wewe karibu wote.

Nia ilikuwa mbanguaji wa hapa apate korosho kwa nafuu. Sawa, ila vile viwanda vya serikali vya zamani vingi viligeuka maghala, sisi tukaendelea kukatwa.

Kinachoniuma zaidi ni fedha zilikokwenda. Zamani asilimia 65 ya ushuru ilirudi kuendeleza zao, pembejeo zikiwemo, kama salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Juni 2018 Bunge likapitisha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina, na wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Wa 2022/23 hazikufika 200,000. Sisemi ni kukosa salfa tu. Hali ya hewa ilichangia, na msimu wa 2018/19 serikali ilinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yakachelewa, watu wakakata tamaa. Lakini mkulima anayejinunulia salfa kwa mkopo hupulizia miti ya karibu na nyumba, ile ya mbali anamwachia Mungu, na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaounguza maua, hausubiri. Salfa ya ruzuku iliporudi, watu walirudi mashambani. Msimu wa 2024/25 mavuno yalivuka tani 500,000.

Kwa hiyo panda, ila kidogo kidogo, kwa miche ya kubebeshwa, maana utaipalilia miaka miwili mitatu bila kupata kitu. Kwenye mkutano mkuu wa chama omba usomewe mjengeko wa bei, kila kato na shilingi yake. Halafu uliza salfa inafika mwezi gani. Wakikujibu Septemba, maua yameshaungua; anza kuweka akiba yako ya salfa mapema.