Usiuze parachichi zikiwa mtini

Ndugu yangu wa Njombe, umeuliza kama umuuzie dalali parachichi zako za aina ya Hass zikiwa bado mtini. Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Jiunge na AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao) ya karibu mkauze pamoja, kwa kilo, mizani mkiiona kwa macho yenu. Soko lipo: Ulaya wananunua siku nyingi, na China ilisaini makubaliano na Tanzania mwaka 2022. Ila mnunuzi wa nje anataka tunda lililokomaa. Likichumwa changa halilainiki, linanyauka tu na kuwa kama mpira, na kontena moja la namna hiyo linatuharibia jina wakulima wote. Kata kwa mkasi, bakiza kikonyo kifupi, weka kivulini. Yatakayokataliwa kwa udogo au makovu, ulizia kwanza viwanda vya mafuta ya parachichi.