Jibu kwa mleta mada: hogo linabana, mapigo yapo, je ninunue kifaa cha kupima mguu bila sindano?

Mkuu, kabla hujamaliza kusoma hapa, mpigie aliyelala na mgonjwa wodini. Umeandika kwamba mdogo wako kavunjika muundi jana kwenye bodaboda, kafungwa hogo, kachomwa sindano ya maumivu mara mbili na bado analia, na manesi wanakujibu "mapigo yapo, aache uoga". Halafu unauliza kama uagize kile kifaa cha taa ulichokiona mtandaoni. Kifaa kiache kwanza. Huyo aliyeko wodini ashike kidole gumba cha mguu uliofungwa, akisukume taratibu kwenda chini, kisha akivute juu. Mgonjwa akiruka kwa maumivu, daktari aitwe sasa hivi, siyo kusubiri raundi ya asubuhi: huenda ni kompatimenti sindromu, yaani misuli imevimba na kujibana ndani ya mguu hadi inakosa damu.

Nakwambia hivi kwa sababu nimelala kitanda kama hicho. Miaka minne iliyopita gari lilinipitia nikiwa kwenye pikipiki, muundi wa kushoto ukavunjika katikati, mfupa haukutoka nje. Saa kumi jioni hogo lilikuwa limeshakauka na nilikuwa napiga stori na wenzangu wa wodini. Saa tatu usiku mguu ukaanza kubana kama nimevalishwa kiatu cha mtoto. Maumivu ya mfupa nayajua, ukitulia nayo yanatulia. Haya yalikuwa yanapanda tu, hata nikilala kimya kama gogo. Nikachomwa sindano, saa moja haijaisha nikaomba nyingine. Mzee wa kitanda cha jirani akanipa yake: "Kijana jikaze, sisi wengine tumekatwa kabisa na hatukulia hivyo." Nesi akaja, akagusa juu ya unyayo, akanibandika kidoleni kile kibanio cha kupima oksijeni, kikasoma 97. Akaondoka ameridhika, na mimi nikaanza kujiona mwoga kweli.

Baadaye, nikiwa kliniki, daktari mmoja alinichorea kwenye bahasha ya eksirei. Mguu chini ya goti una vyumba vinne vya misuli, na kila chumba kimefungwa na utando mgumu usiovutika. Damu ikivujia ndani na misuli ikavimba, uvimbe hauna pa kwenda, presha inapanda. Ndiyo hiyo kompatimenti sindromu. Ubaya wake ni huu: vimishipa vidogo vinavyolisha misuli vinazibwa mapema, wakati presha bado haijafika ya kuzuia mshipa mkubwa. Kwa hiyo mapigo unayapata, kidole kina joto, kibanio kinasoma vizuri, na huku ndani nyama inakufa. Ukisubiri mapigo yapotee umeshachelewa. Madaktari wanahesabu muda wa kama saa sita tu, baada ya hapo kinachokufa hakirudi. Wala siyo jambo la jana: Volkmann, Mjerumani, aliandika mwaka 1881 juu ya viungo vinavyokakamaa baada ya kufungwa bandeji za kubana. Wanaokimbilia kwa waunga mifupa na kukazwa vijiti kwa kamba mjue nanyi mmo humu humu.

Mimi niliokolewa na daktari kijana wa intern aliyekuja saa nane usiku kumwangalia mgonjwa mwingine. Alisikia ninavyohema. Akasukuma kidole gumba chini, nikapiga ukelele wodi nzima ikaamka. Akanigusa kwa ncha ya kalamu pale katikati ya kidole gumba na cha pili, akaniuliza nahisi nini. Sikuhisi kitu. Hakuniuliza tena. Hogo likapasuliwa juu hadi chini, na siyo hogo peke yake, pamba na bandeji ya ndani navyo vikachanwa mpaka ngozi ikaonekana. Mito miwili niliyokuwa nimewekewa ikatolewa, maana mguu ukiinuliwa juu kuliko moyo damu inazidi kushindwa kupanda. Kama mdogo wako naye kaning'inizwa mguu juu, waulize hilo. Nusu saa baadaye nafuu ilikuwa ndogo mno, nikapelekwa theata. Wakapasua pande mbili, wakafungua vyumba vyote vinne, vidonda vikaachwa wazi. Ngozi ya kuziba ilitolewa pajani wiki iliyofuata.

Sasa kifaa. Kipimo kinachoaminika mpaka leo ni cha sindano: inaingizwa ndani ya chumba, presha inasomwa, halafu unaitoa kwenye ile namba ya chini ya presha ya damu. Chumba kikiwa 45 na presha ya chini 70, inabaki 25. Kikomo cha 30 kilitoka kwa madaktari wa Edinburgh mwaka 1996, na wengi wanakitumia: ikibaki chini ya hapo, na isipande, ni kisu.

Hicho cha taa ulichokiona kinatumia mwanga wa infraredi kupima oksijeni iliyomo kwenye misuli. Wazo ni zuri. Lakini mwanga unazama sentimita mbili tatu tu, na kile chumba cha ndani kabisa nyuma ya mfupa uko mbali nacho. Damu iliyovilia inauchanganya, mafuta yanauchanganya, na rangi ya ngozi pia. Hili la ngozi tusilichukulie poa: mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kuwa hata vile vibanio vya kidoleni vilishindwa kuwagundua wagonjwa weusi wenye oksijeni ndogo karibu mara tatu kuliko weupe. Isitoshe mguu uliovunjika kwa kawaida unapata damu nyingi kuliko mzima, kwa hiyo namba ikilingana na ya mguu mwingine, wewe utafurahi wakati mtaalamu angeshtuka. Kuna na cha ultrasaundi, chimbuko lake NASA, shirika la anga la Marekani, kinachofuatilia utando unavyotikisika kila moyo unapopiga. Vyote hivi bado havijaiondoa sindano kazini.

Mimi naona vitakuja kumfaa asiyeweza kusema: aliyepoteza fahamu, mtoto mchanga, aliyepigwa ganzi ya mguu mzima. Mdogo wako anasema, tena kwa sauti. Hela ya kifaa nunua daftari na kalamu. Kila saa mwandike: maumivu yakoje, kidole kikivutwa inakuwaje, anahisi pale katikati ya vidole, anaweza kukunja unyayo kuja juu, dawa kapewa saa ngapi. Daktari akisomewa saa tano mfululizo zinazozidi kuwa mbaya, hawezi kukuambia habari za uoga.

Pale katikati ya vidole mpaka leo pamekufa ganzi. Ndipo mkanda wa kandambili unapopita, basi naweza kutembea hatua kumi ndala imebaki nyuma na sina habari. Ila natembea.

Nenda, mkuu. Mrejesho utatupa ukirudi.