Kufundisha Ujerumani huku bado unajifunza Kijerumani: jibu langu kwa walimu mnaouliza

Mwalimu mwenzangu mmoja kaniandikia wiki hii, "Kaka, mi nafundisha hesabu na fizikia sekondari, Kiingereza changu kipo vizuri, nasikia huko Ujerumani walimu wa sayansi hawatoshi, je naweza kuja nikaanza kufundisha kwa Kiingereza alafu lugha yao nikajifunzia hukohuko kazini?" Sio wa kwanza kuniuliza, kwahiyo najibu kwa wote, na ntasema kama ilivyo maana kuna watu wanaacha kazi kwa sababu ya hizi stori.

Kwa shule za serikali jibu ni hapana. Ni kweli walimu wa hesabu na fizikia hawatoshi, ila somo ni kwa Kijerumani, ripoti ya mtoto ni Kijerumani, na mzazi akija kulalamika analalamika kwa Kijerumani. Majimbo yako 16 na kila moja linajiendeshea mambo yake ya elimu, vyeti vyako vinaenda ofisi ya jimbo unalotaka kufanyia kazi wanavilinganisha na vya kwao. Lugha wanadai C1, kuna majimbo yanadai C2, na hizo ndo ngazi mbili za juu kabisa kati ya 6 (A1, A2, B1, B2, C1, C2). Alafu mwalimu wa sekondari hapa kawaida anakuwa na masomo mawili, wewe wa hesabu na fizikia una nafuu, wenye somo moja wengi wanaambiwa wakasome la pili. Mtasikia pia habari za Chancenkarte, ile kadi ya kutafutia kazi iliyoanza Juni 2024, kwamba A1 ya Kijerumani inatosha au hata Kiingereza cha B2. Ni kweli, inatosha kwa sharti la lugha la kadi. Kadi inakuruhusu uingie utafute kazi mwaka mmoja, haikupi darasa, na hapo ndo watu wanachanganya. Shule za kimataifa za Kiingereza zipo, za kulipia, na nafasi zake wanagombea watu wa dunia nzima.

Mimi nilikuja na B1. Mwaka wa kwanza sikushika chaki, nilikuwa nasimamia watoto wakifanya homuweki mchana baada ya vipindi, na naushukuru sana ule mwaka. Nilipofika B2 shule ikanipa vipindi vichache vya hesabu kwa mkataba wa mda huku karatasi zangu zikiendelea kukaguliwa.

Sasa nikwambie kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia. Kozi ya B1 inakufundisha kwenda kwa daktari, kupanga nyumba, kuandika barua kwa bosi. Haikufundishi neno "Nenner", yani asili, ile namba ya chini kwenye sehemu. Siku moja binti wa darasa la tano kaninyooshea kidole kwenye sehemu, kaniuliza kwanini namba ya chini haiwezi kuwa sifuri. Swali zuri kabisa, nimelijibu miaka sita huko nyumbani, nina njia tatu za kulielezea. Na nikasimama pale sina hata neno la asili, sina neno la kiasi, sina neno la kugawanya vitu vikabaki. Yule mtoto akanisubiri. Alafu akasema kwa upole "haina shida", akainama kwenye daftari lake. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu. Kutojua jibu ni kitu kingine, hii ya kulijua jibu likakukaa kifuani na mtoto yupo mbele yako inauma kwa namna yake, sijui kama kuna kazi nyingine inauma hivi.

Na hesabu yenyewe, ambayo watu wanasema ni lugha ya dunia nzima, sio kweli bana. Arobaini na saba Mjerumani anasema saba na arobaini, "siebenundvierzig". Mtoto anataja jibu, wewe mkono ushaandika 7 kabla hujasikia arobaini, unageuza, unakosea, ubaoni inakaa 74. Ikiwa mia tatu arobaini na saba ndo mbaya zaidi, anataja mia tatu kwanza, anaruka kwenye saba, ndo anarudi kwenye arobaini. Nukta na mkato vimebadilishana kazi, 1.500 kwao ni elfu moja mia tano na moja na nusu inaandikwa 1,5. Niliwahi kutoa zoezi nimeandika 2.375 nikimaanisha mbili na vipande vyake, nusu ya darasa wakafanya na elfu mbili mia tatu sabini na tano, na walikuwa sahihi wao. Kugawanya wanaandika nukta mbili, kuzidisha nukta moja katikati. Neno lao "Billion" sio bilioni yetu, bilioni ni "Milliarde", hiyo "Billion" ni trilioni. Haya yote jifunze kabla hujapanda ndege, ni bure.

Saa nayo. Nimeambiwa kikao cha wazazi ni "halb acht", yani nusu nane, nikajua nane na nusu ya saa zao, kwetu saa mbili na nusu usiku. Kumbe ni nusu ya kuelekea nane, saa moja na nusu. Nimefika wazazi wanavaa makoti. Na ninapokaa mimi, jimbo la Baden-Württemberg, wana "viertel acht" ambayo ni saa moja na robo, na "dreiviertel acht" saa mbili kasorobo.

Huku napo watu wengi wanaongea Kiswabi, lahaja yao, ambayo kozi haigusi kabisa. Kwa Kijerumani cha kitabuni "heben" ni kuinua, kwao ni kushika. Mtoto kaniambia mguu unamuuma, kasema "Fuß", nikamwangalia unyayo, yeye anaonyesha paja. Nikacheka kwa furaha maana ni kama sisi, mguu ni wote mpaka juu! Hapo kwa mara ya kwanza Kiswahili changu kilinisaidia. Der, die, das, vile viambata wanavyoweka mbele ya nomino, pia visikutishe sana, wewe umekulia kwenye ngeli. Tofauti ni kwamba ngeli nyingi kichwa cha neno kinakwambia, kijiko vijiko, mti miti, ila Kijerumani mara nyingi hakikwambii, kwahiyo kila nomino ishike na kiambata chake tangu siku ya kwanza.

Kuna mzazi aliandika barua kwa mkuu wa shule kwamba mtoto wake hawezi kufundishwa na mtu asiyejua lugha. Niliumia sana. Nikilala nikamfikiria, nikaona mimi nikiwa na mtoto ningeuliza hilohilo. Mkuu hakunitoa, alimweka mama mmoja, mwalimu mtu mzima, akae nyuma ya darasa langu wiki kadhaa, na yule mwalimu ndo kanifundisha kazi upya. Kaniambia niache kuficha. Tangu hapo kila mwanzo wa mwaka nawaambia wanafunzi kwamba hesabu naijua, Kijerumani nakisoma kama nyie mnavyosoma hesabu, nikikosea neno nyoosheni mkono. Wananirekebisha kwa heshima kuliko nilivyotegemea, na kuna mmoja mgeni kutoka Siria, alikuwa hafungui mdomo, akaanza kujibu baada ya kuona mwalimu naye anarekebishwa.

Kilichonisogeza zaidi ya kozi yoyote ni vitabu vya hesabu vya darasa la tano na la sita, nilivisoma kwa sauti kila usiku, maswali ya mafumbo yote, mpaka ulimi ukazoea.

Sasa wewe, usiache kazi. Anza Kijerumani hukohuko ufike B2 ukiwa bado unalipwa mshahara, Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani inayofundisha lugha, ipo Dar es Salaam na Nairobi. Transkripti na cheti cha ualimu vitafutie tafsiri rasmi, cheti cha polisi cha tabia njema kiandae, na hakikisha una kinga ya surua, tangu Machi 2020 sheria hapa inamdai kila mwalimu aliyezaliwa baada ya 1970. Ukimaliza B1 niandikie uniambie fizikia imeandikwa vipi kwenye transkripti yako, kama somo kamili au nusu, hapo ndo ntajua nikuelekeze jimbo gani.