Shujaa akianza kuhubiri

Dada, umeuliza kama uzime katuni pale shujaa anapogeuka na kuanza kutoa nasaha, maana mwanao anachoka. Mtindo huo ni wa zamani. Katuni ya He-Man, iliyoanza Marekani mwaka 1983 ikitokana na midoli ya kampuni ya Mattel, ilifunga vipindi vyake kwa funzo la namna hiyo.

Zima tu. Funzo lenyewe huwa limeshapita ndani ya hadithi. Wangu aliona shujaa akimnyooshea mkono adui aliyeanguka, akaacha kutafuna, akaniuliza, “Mbona hakummalizia?” Simamisha picha hapohapo, muulize yeye angefanyaje, kisha nyamaza umsikilize. Akisema angempiga, tafadhali usimkaripie. Muulize kwa nini.