Kozi ya uwindaji Texas, mtandaoni au darasani: jibu kwa baba mwenye kijana wa miaka 14

Ndugu yangu uliyeuliza kutoka Fort Worth, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika. Umesema una kadi ya ukaazi wa kudumu, unafanya kazi za zamu, kijana wako ana miaka 14, jirani amewaalika kuwinda kulungu mwezi wa Novemba, na wewe mwenyewe hujawahi kushika bunduki. Sasa unataka kujua kama mmalize kozi ya elimu ya uwindaji kwenye simu au mwende darasani. Nimepita njia zote mbili katika jimbo hilihili, ya kwanza nikiwa peke yangu na ya pili nikiwa na binti yangu, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona.

Tuanze na sheria, kwa sababu nusu ya swali lako imeshajibiwa humo. Texas humtaka kila aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo awe amefaulu kozi hii. Mwenye miaka 17 na kuendelea anaruhusiwa kuimaliza yote mtandaoni. Mwenye miaka 9 hadi 16 haruhusiwi kuishia hapo: ama akae darasani, ama asome mtandaoni kisha ahudhurie siku ya vitendo uwanjani. Iko pia nafasi ya kuahirisha, ambayo mtu mzima huilipia dola 10, mara moja tu maishani, akawinda akiwa karibu na mwenye leseni aliyekwisha kufaulu. Sikushauri uitumie, kwa kuwa aliyeahirisha hawezi kuwa msimamizi wa mwanawe, nawe bila shaka ungependa kuwa ndiye unayemsimamia.

Mimi nilichagua mtandao, na sababu zangu hazikuwa za uvivu. Nilikuwa nikitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, na madarasa mengi huwekwa Jumamosi mchana. Zaidi ya hapo, sikuona kozi ya Kiswahili, na Kiingereza cha bunduki si kile tulichofundishwa shule. Majina ya vipande vya silaha, aina za risasi na sehemu za mwili wa mnyama yalinilazimu kusimama kila ukurasa, kutafuta maana, na kurudi nyuma. Darasani mkufunzi hasubiri, na lafudhi ya Texas ikishika kasi humwacha njiani hata msikilizaji mzuri. Mtandaoni nilisoma sura moja kila siku kwa utulivu, nikafaulu mtihani, nikachapisha cheti. Katika jambo hili mtandao unastahili sifa, na sitakubaliana na wanaosema kwamba ni njia ya mkato.

Kasoro yake niliiona msimu uleule wa kwanza. Tulikuwa wawili kwenye ranchi ya rafiki yangu, jua limeanza kuzama, tukafika kwenye uzio wa seng'enge. Nikauinua waya wa juu kwa mkono wa kushoto, bunduki iko mkono wa kulia na risasi iko chemba, yaani mahali inapokaa tayari kufyatuliwa, nikaanza kupitisha mguu. Mwenzangu aliniambia kwa sauti ya chini nisimame hapohapo. Nilipotazama, mtutu ulikuwa umeelekea kwenye goti lake, na tawi kavu la mti mdogo lilikuwa limeingia karibu na triga. Swali la kuvuka uzio lilikuwemo kwenye mtihani wangu, na nililipata: unatoa risasi zote, unaacha chemba wazi, unailaza bunduki chini na kuipitisha chini ya waya mtutu ukiwa umeelekea mbali nawe, kisha wewe unavuka mahali pengine kando yake. Nililijua jibu, lakini mikono yangu haikuwahi kulifanya hata mara moja. Nimekulia Sikonge, mkoani Tabora, na mjomba wangu alikuwa na gobori. Nilidhani kumtazama yeye kulinitosha.

Binti yangu alipofikisha miaka 12 nilikwenda naye siku ya vitendo, nikaomba nami nifanye kila zoezi ingawa cheti nilikuwa nacho. Kuna jambo moja la siku ile ambalo ningependa ulione kwa macho yako. Mkufunzi, mzee wa kujitolea, alituonyesha bunduki mbili za marisau, zile zinazotoa vigololi vingi kwa mpigo mmoja, moja ya geji 12 na moja ya geji 20; geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu. Namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo, kwa maana namba hiyo huhesabu goroli ngapi za madini ya risasi zenye upana wa mtutu hufanya ratili moja. Akachukua ganda la mazoezi la geji 20, yaani risasi bandia isiyo na baruti, la rangi ya njano, akalidondosha ndani ya bunduki ya geji 12. Likateleza, likapita chemba, likakwama mbele ndani ya mtutu, halionekani. Kisha akaweka ganda la geji 12 nyuma yake, nalo likakaa sawasawa kana kwamba hakuna tatizo. Akampa binti yangu achungulie. Hakuhitaji kueleza kwa kirefu kinachotokea mtu akifyatua katika hali hiyo, kwamba mtutu hupasuka karibu kabisa na mkono wa mfyatuaji. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano ili yasichanganywe, nikaipita sentensi hiyo kama rangi tu. Tangu siku ile binti yangu hukagua mifuko ya koti lake kabla hatujatoka nyumbani.

Mchana tulitembezwa kwenye njia yenye sanamu za wanyama, na kila mmoja akaulizwa: unapiga au hupigi? Kulungu mmoja alisimama kilimani, hakuna kitu nyuma yake ila anga. Hapo hupigi, kwa sababu hata risasi ndogo ya .22, yenye upana wa karibu robo ya inchi, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Mwingine alisimama ubavu wazi, nyuma yake kuna tuta la udongo, na hapo tulitakiwa kugusa nyuma ya bega, palipo na mapafu na moyo. Watu wazima wawili walikosea sanamu ya kwanza, nami nilikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: someni sehemu ya mtandaoni wote wawili, kwa muda wenu, mkiwa na daftari la maneno, kisha mwende pamoja siku ya vitendo, hata kama sheria haikulazimishi wewe. Gharama haitakuumiza, kwa kuwa wakufunzi wengi hujitolea, na tangu sheria ya Pittman na Robertson ya 1937 kodi ya bunduki na risasi hurudi majimboni kwa kazi ya wanyamapori, na baadaye kwa mafunzo haya pia. Cheti hakiishi muda, na majimbo mengine hukitambua. Mkihamia Colorado, ambako kozi hutakiwa kwa kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949, hamtarudia kozi.

Kwa wenzetu wanaosoma hapa wakiwa na viza za muda, wakiwemo wanafunzi, jambo lenu ni tofauti. Sheria ya shirikisho huwakataza kumiliki au kushika bunduki na risasi isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Muulizeni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa silaha yoyote, hata ya kuazima.

Msimu wa kulungu hapa hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na nafasi za siku ya vitendo hujaa kadiri tarehe hiyo inavyokaribia, hivyo jiandikisheni Agosti. Hakikisha jina la kijana limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, maana la binti yangu liligeuzwa la ukoo likawa la kwanza, tukangoja wiki tatu kulirekebisha. Na mwambie jirani yenu kwamba mnakuja mkiwa mmeshafunzwa; muulize pia kama bunduki atakayowaazima ni ya geji gani, mnunue risasi za aina hiyo peke yake.