Ikizima Ukiachia Funguo, Usikimbilie Kompyuta

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji mmoja kijana. Jina lake nalihifadhi, maneno yake nayaweka kama yalivyo: "Kaka, nimetoa kabureta kwenye pikapu yangu ya 22R nikafunga mfumo wa nozeli wa 22RE. Kwenye stata inawaka vizuri. Nikiachia funguo tu, inazima. Kompyuta nimeshabadilisha mbili. Nirudishe kabureta?"

Kwa mgeni wa mambo haya: 22R na 22RE ni injini za Toyota; kabureta ni kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, na mfumo wa nozeli hurusha mafuta kwa amri ya kompyuta ya gari. Nilicheka peke yangu sebuleni. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mimi nilifikisha tatu.

Mnaonifuata siku nyingi mnaikumbuka ile video niliyoweka pikapu ikinguruma, boneti wazi, mimi nimeshika spana kama bingwa. Nilichofanya miezi mitano kabla ya video ile sikukisema. Niliona aibu, na bado kuna watu wawili watatu sijawasamehe vizuri. Leo nasema yote, kijana wa watu asije akanunua kompyuta ya tatu.

Pikapu yenyewe ni Hilux yenye injini ya 22R, silinda nne, sentimita za ujazo 2,366. Wenye kuijua mashine hii hawahitaji kuhubiriwa. Inatumia mnyororo wa taimingi, haina mambo mengi, na haifi kirahisi. Tabu yangu ilikuwa kabureta. Kwenye mlima mkali boya la ndani yake, lile linalopima mafuta, linalala upande, mafuta yanafurika, injini inakohoa moshi mweusi. Asubuhi za baridi unavuta choki, unasubiri, unaomba Mungu. Niliifungua na kuisafisha mara nne, nikabadilisha jeti, nikabadilisha gasketi, na kila mara ilitulia wiki mbili kisha ikarudia ukorofi wake. Siku moja ilinizimikia katikati ya mteremko nikiwa na mzigo wa watu nyuma, na nikaapa mbele ya mafundi na wapiga soga wote waliokuwepo: mwezi mmoja tu, gari hili litakuwa na nozeli.

Ndugu zangu, msiape mbele ya wapiga soga.

Njia niliyochagua ni ileile ya huyu kijana. Toyota wenyewe walitengeneza injini hiyohiyo kwa mfumo wa nozeli, wakaiita 22RE, na kwenye pikapu za soko la Marekani ilianza 1984 ikaendelea hadi 1995. Kwa hiyo hubuni kitu, unahamisha. Nilipata pikapu iliyopinduka, bodi imekwisha, injini nzima, nikainunua yote kama ilivyo. Hapa nilibahatika tu, akili haikuhusika, maana sikujua kwamba 1985 walibadilisha mambo ndani: bloku ikafupishwa, mnyororo wa safu mbili ukawa wa safu moja, silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku, ikawa nyingine. Hedi ya kabla haikai sawasawa kwenye bloku ya baada. Yangu na ile ya ajali zote zilikuwa za baada. Ningekuwa upande mwingine wa mwaka ule, makala hii ingekuwa ya kilio mwanzo mwisho.

Nilihamisha hedi pia, sikuishia kwenye manifoldi, ile mirija ya kupitishia hewa kwenda kwenye hedi. Hedi ya 22RE ina mikato midogo juu ya matundu ya hewa, imechongwa kupisha mafuta yanayorushwa na nozeli. Distribyuta, kile kifaa cha kugawa moto kwenye plagi, nayo ije, kwa sababu kompyuta inahesabu mizunguko na kupanga moto kupitia hapo. Ile ya zamani yenye kuvutwa kwa vakyumu haizungumzi na kompyuta. Kufungua na kufunga sitawasimulia, boliti ni boliti. Mbili zilinikatikia, nikazitoboa, basi.

Kilichonivunja moyo ni umeme. Mimi ni mtu wa spana, waya zikizidi tatu natokwa jasho. Nikampelekea fundi umeme mmoja anayesifiwa sana, na sifa zake anazisimulia yeye mwenyewe. Akaitazama wairingi, yaani furushi la waya zote za mfumo, niliyoitoa nzima kwa uangalifu wote, siku mbili nimelala chini ya dashibodi ya gari la ajali, kila soketi nimeibandika karatasi yenye namba. Akasema, "Hii ndefu mno." Akachukua koleo akaikata. Alikata soketi zangu, akasokota waya kwa waya na kufunga tepu, karatasi zangu zikaishia sakafuni kwenye oili. Pikapu ikakaa kwake wiki sita. Nilipoifuata aliniambia kompyuta imekufa.

Nikanunua nyingine. Hali ikawa ileile: stata, inawaka, naachia funguo, inazima kama mtu aliyebanwa pua. Nikanunua ya tatu, na hiyo ya tatu nilikopa. Kila jioni wapiga soga wangu walikuwa wanapita, mmoja wao akawa na wimbo wake: "Mwezi mmoja umefika?" Mwingine alinishauri nirudishe kabureta nikapumzike. Nilikuwa nimeshaifunga kwenye kitambaa nikaiweka juu ya kabati, na nakiri kuna usiku niliishusha nikaitazama.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinatokea, maana hapa ndipo kuna pesa za watu.

Pampu ya mafuta kwenye mfumo huu haipewi umeme moja kwa moja na funguo. Kuna rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, na rilei hiyo inaamshwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni stata: ukiwa unapiga stata, umeme wake unaiamsha rilei, pampu inazunguka. Ya pili ni mita ya hewa, lile boksi baada ya filta lenye kibao ndani. Injini ikivuta pumzi, kibao kinasukumwa, na mle ndani kuna swichi ndogo inayosema: injini inapumua, pampu iendelee. Ukiachia funguo, njia ya kwanza inakufa na inabaki hiyo ya pili peke yake. Ni usalama huo. Gari likipata ajali injini ikazima, kibao kinajifunga na pampu inaacha kumwaga mafuta.

Haya nilikuja kuyaelewa Jumapili moja, peke yangu, nikiwa nimekasirika. Nilitoa kifuniko cha filta nikawasha funguo bila kupiga stata. Kimya. Nikaingiza vidole viwili kwenye mita nikakisukuma kibao. Kina springi nyepesi, kinakupinga kidogo kama mlango wa friji. Na huko nyuma, chini ya bodi, nikasikia: *zzzzzz*. Pampu. Nikaachia, ikanyamaza. Nikasukuma, ikalia. Nilifanya hivyo labda mara kumi, nacheka kama mwehu. Pampu ilikuwa nzima, na rilei na waya za kuifikia vilevile. Kompyuta zote tatu hazikuwa na kosa. Kama kidole changu kinaweza kukifungua kibao na injini haiwezi, basi injini inapata hewa kutoka mahali pengine.

Nikashika ule mpira mweusi wenye mikunjo unaotoka kwenye mita kwenda kwenye throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Kwa juu ulikuwa unang'aa, nilikuwa nimeupaka hadi dawa ya matairi upendeze kwenye picha. Nikapitisha kidole upande wa chini, ndani ya mkunjo wa tatu, na kidole kikazama hadi kiungo cha kwanza. Ulikuwa umechanika karibu nusu ya mzunguko. Ukiutazama gari likiwa limezimwa, mkunjo umejibana na huoni kitu. Injini ikiamka inajitikisa, mkunjo unafumbuka, hewa yote inapita hapo na kibao kinabaki kimefungwa. Nikaufunga tepu ya umeme mizunguko mingi mibaya mibaya, nikapiga stata, nikaachia funguo.

Haikuzima. Video mliyoiona ni ya siku hiyo, na ile tepu nimeificha kwa mkono wa kushoto. Rudieni kuitazama.

Kwa hiyo kijana wangu, na wengine wote mlio njiani: anzeni na hewa. Mfumo wenye mita ya kibao hausamehi hewa ya wizi. Hata dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, isiyokaa vizuri, hata kifuniko cha oili kilicholegea, vinatosha kuiyumbisha sailensi, yaani mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta, kwa sababu injini inavuta pia kupitia njia ya mvuke wa oili na hewa hiyo haikuhesabiwa na mita. Kagua mipira yote kwa kidole, macho hudanganya. Kisha kagua tena.

La pili ni mafuta. Pampu ya zamani ya 22R, ile iliyofungwa mbele ya hedi ikisukumwa na kamshafti, inatoa shinikizo la psi 3 au 4 hivi. Nozeli zinataka zaidi ya 35. Sasa mtu anaacha mipira ileile ya kabureta iliyooza, anakaza kwa klipu ileile, anapiga stata. Mimi nilifanya hivyo kwenye mpira mmoja, mfupi tu, nikasema nitaubadilisha kesho. Ulitoa ukungu wa petroli juu ya manifoldi ya ekzosi ambayo, kwa rehema za Mungu, ilikuwa bado baridi. Nunua mipira ya mfumo wa nozeli, yote, hadi tangini, na weka filta mpya. Usiniambie habari ya kubana matumizi hapo. Nimeona vijana wanaweka redio ya bei kubwa kwenye gari ambalo mipira yake ya mafuta imepasuka kama kisigino cha mkulima, kisha wakiungua tunachangishana.

La tatu, wairingi isikatwe. Fundi akishika koleo kabla hajashika mchoro, chukua funguo zako uondoke. Nilirudia kuunga waya zile mwenyewe, kwa kulehemu, nikiwa na mchoro na taa ya kichwani. Ilinichukua wiki tatu za jioni, na sasa naweza kukwambia kila rangi inakwenda wapi. Yule bwana alinipigia baada ya video, akaniambia, "Unaona, nilikwambia itawaka." Sikujibu. Kizazi cha sasa tunapenda kukabidhi gari na kwenda kukaa, halafu tunalalamika. Kaa na gari lako. Lala chini yake. Jua pampu yako inalia vipi ikiwa nzima, ili siku ikinyamaza ujue kilichonyamaza.

Na jambo moja sijalimaliza, nisije nikaonekana nimefika. Tangi langu bado ni lile la kabureta, ndani halina kizuizi cha kuyashika mafuta. Likiwa na robo na mlima ukiwa mrefu, mafuta yanakimbilia nyuma, pampu inameza hewa, injini inakata kwa sekunde moja kisha inarudi. Kwenye kabureta hukulisikia hilo, kwa sababu bakuli lake lilikuwa na akiba. Nozeli hazina akiba. Tangi la lile gari la ajali lilibonyea, nimelipeleka kunyooshwa, na hadi lirudi sipandi mlima chini ya nusu tangi.

Kabureta bado iko juu ya kabati. Kijana, yako usiirudishe. Kesho asubuhi funguo iwe imewashwa, stata usiiguse, ingiza vidole kwenye mita, sukuma kibao, kisha niandikie umesikia nini.